Mtaro Uliofukiwa

Siku hizi mvua ikianza kunyesha alasiri, naendelea kushona. Naurudisha mlango wa kibanda changu pale sokoni Rangwe, cherehani inalia, mabati yanalia, na mimi namalizia kola ya sare ya mtoto wa mtu. Zamani sikuweza. Wingu jeusi likijitokeza tu upande wa ziwa, nilikuwa nimeshatupa kazi, nimefunga kibanda na niko mbioni kurudi nyumbani, kana kwamba nikifika ningeizuia mvua kwa mikono. Wateja walinizoea. Walisema fundi wa pale kona anaogopa maji kama paka.

Nilichokuwa nakiogopa ni korongo. Lilianzia chini kabisa, mtoni, kwenye njia ya ng'ombe, kabla mimi sijaolewa katika mlima huu. Ng'ombe walipita, maji yakafuata nyayo zao, na kila masika ardhi ikamegeka kidogo, korongo likawa linapanda kuja kwetu. Nilipokuwa bibi harusi, watoto waliliruka wakicheka. Nilipofiwa na mume wangu, ndama alitumbukia humo na ikabidi wanaume wamtoe kwa kamba na makelele. Mwaka ule ninaousimulia, mdomo wa korongo ulikuwa umeshaingia uani kwangu, na kati ya mdomo huo na kaburi la mume wangu palibaki nafasi ya kuanika mtama tu. Baada ya kaburi, nyumba.

Mtu wa mbali ataniuliza, si ungehama tu? Ardhi ipo, jenga kwingine. Ndiyo, ardhi ipo. Lakini kwa Wajaluo mjane hajijengei nyumba mpya hivi hivi kama anayehamisha banda la kuku. Ukiwa ndani ya nyumba aliyokuachia mumeo, umetulia, hakuna wa kukuuliza. Nyumba mpya inataka mwanamume wa ukoo asimike nguzo ya kwanza, na anayesimika nguzo haondoki jioni kwenda kulala kwake. Wapo wajane walioliruka jambo hilo, pasta akawaombea, maisha yakaendelea. Mlimani kwetu bado halijarukwa. Na mimi nilipomzika mume wangu niliamua moyoni kwamba nimeshaolewa mara moja, imenitosha na kuniridhisha, ahsante.

Binamu mmoja wa marehemu hakusikia uamuzi huo. Kila baada ya mvua alikuja kunipa pole, akasimama ukingoni mwa korongo mikono nyuma, akalitazama kama mtu anayetazama mahindi yake yakikomaa. Kabla ya masika ya mwaka ule alileta nguzo za mkaratusi, zimenyooka, zimechunwa magome, akaziegemeza kwenye ukuta wa jiko langu.

"Shemeji, nimeleta tu mapema," alisema. "Hii mvua haipigi hodi."

"Na wewe pia," nikamjibu.

Alicheka. Hakuzichukua nguzo zake. Kila asubuhi nilipotoka kuwasha moto nilizikuta pale, zimenisubiri, na chai ilinishinda kunywa.

Aliyeanzisha mambo ya mitaro ni mke wa kitinda mimba wa boma letu. Baba mkwe wetu alikuwa na wake watatu. Mume wangu alizaliwa na wa pili, mume wake alizaliwa na wa tatu, kwa hiyo kwa desturi yetu mimi na yeye tunaitana nyieka, yaani mke mwenza, ingawa kila mmoja alikuja kwa mume wake. Mama zao wawili walishatangulia mbele za haki. Aliyebaki ni mke wa kwanza, mikayi, mama mzee sana ambaye sote tunamwita Dani, nyanya, hata wale wasio na undugu naye. Nyumba ya Dani iko juu kabisa mlimani. Chini yake yako mashamba ya wanawe, chini yao sisi wa nyumba ya pili, na mwisho kabisa, kando ya korongo, shamba la nyieka wangu.

Yeye si Mjaluo. Ni Mkuria, kwao ni huko mbele ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania. Alikutana na shemeji yetu mjini Rongo, wakapendana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho aliishi nasi, kwa sababu Kijaluo alikuwa anakisikia kuliko kukisema. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Akiwa na jambo kichwani hakai. Aliwahi kuona kwao jinsi mlima mzima ulivyokatwa mitaro ya fanya juu, ile ya kuchimba kukata mteremko na kutupa udongo upande wa juu uwe tuta, halafu tuta linapandwa nyasi za nepia. Maji yakishuka yanakutana na mtaro, yanakaa, yanazama.

"Nyieka, hii maji haitoki kwako," aliniambia siku moja akiwa amesimama mahali pale pale anaposimama binamu, ila yeye hakuliangalia korongo. Alikuwa ameinua macho kuelekea juu, kwa Dani. "Inatoka kule. Ukichimba wewe peke yako ni kama kufunga mlango na ukuta haiko. Wachimbe wote, kutoka juu mpaka hapa. Masika haijafika, tuko na wakati."

Akamleta ofisa wa kilimo. Akamwomba naibu wa chifu aitishe baraza. Siku ya baraza tulikodi hema na viti, pakawa na soda. Watu walijaa. Ofisa akaeleza vizuri, akaonyesha kile kifaa cha miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa uzi, cha kupimia mtaro ukae sawa usielekee upande. Naibu wa chifu naye akasimama, akatukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, watu wakapiga makofi. Methali hiyo nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu, na sijawahi kuuona ufa ulioiogopa. Tulipoulizwa nani anakubali, mikono yote ikapanda. Wangu ulipanda mapema na kushuka mwisho.

Kesho yake mlima ulikuwa kimya. Keshokutwa pia.

Nyieka wangu akasema basi, maneno yamekwisha, sasa ni mfano. Watu hawafuati mdomo, wanafuata mgongo ulioinama. Akashika jembe akaanza kuchimba mtaro katika shamba lake mwenyewe, kule chini. Ilikuwa kiangazi, udongo wetu mweusi umepasuka na kukauka kama matofali. Alichimba asubuhi kabla jua halijawaka, akachimba jioni likishapungua. Nilimsaidia nilipotoka sokoni. Tuta likainuka vizuri, akalipanda nepia aliyoibeba kwa gunia kutoka Ndhiwa, akawa anaimwagilia kwa maji ya kuteka. Kusema kweli ulikuwa mtaro mzuri. Ukiuangalia kutoka juu barabarani ulionekana kama mshono ulionyooka kwenye nguo, na mimi nikiusifu mshono ujue umenyooka.

Watu walipita wakamsifu. "Pole na kazi!" "Wewe ni mwanaume!" Mmoja akamletea uji, mwingine akamletea maji ya kunywa, wakasimama kidogo, wakaenda zao. Hakuna aliyekwenda kuchukua jembe.

Nilikasirika mimi. Niliwaita wavivu, wanafiki, watu wa kuinua mikono kwa ajili ya soda. Hasira yangu ilikuwa na sababu yake, maana kila jioni nilipita kando ya zile nguzo za mkaratusi. Nyieka hakukasirika, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Alianza kunyamaza. Siku moja alikuja kibandani kwangu kununua uzi ambao hakuuhitaji, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, akaanza kulia.

"Labda ni kwa sababu mimi ni wa nje," alisema. "Wanaona nikichimba, wanasema huyu Mkuria anatufundisha kazi kwetu."

Nikamwambia anyamaze, hakuna anayesema hivyo. Sikuwa na uhakika.

Jibu lilikuja na sare ya shule. Mke wa mtoto wa kwanza wa Dani alileta sketi ya binti yake irefushwe pindo. Mume wake ni mzee wa kanisa, mtu wa kusimama madhabahuni na kusema mambo ya kale tuliyaacha pale msalabani. Nilipokuwa nafumua pindo nikamuuliza bila kuzunguka: shamba lenu liko juu, maji yote yanapita kwenu, mbona hamchimbi?

Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini haendi kanisani na nguo ya kulalia.

"Nichimbe na jembe ya Dani bado iko ndani ya nyumba?"

Sindano ilisimama. Mlimani kwetu, kila msimu, jembe la kwanza kugusa udongo ni la mikayi, na mbegu ya kwanza ni yake. Baada yake wake za wanawe kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba, hadi kwa kitinda mimba. Mtu akimtangulia aliye mbele yake amemkata miguu, na balaa litakalotokea katika boma, hata kama ni homa ya mbuzi, litatafutiwa njia mpaka limfikie. Jambo hilo nalijua. Nimelifuata tangu nilipoolewa. Ila mimi akilini mwangu mtaro haukuwa kilimo. Mtaro ni mtaro, kama choo, unachimba unapotaka.

"Lakini huu si upanzi," nikasema.

"Ni jembe, donge? Na ni udongo, donge? Na amepanda nepia." Donge ni kusema 'sivyo?', naye hakungoja nimjibu. "Mzee wangu amesema haya mambo hayana maana. Nikamwambia basi anza wewe. Akasema anangoja kidogo."

Kumbe ndiyo hiyo. Mlima mzima ulikuwa umekubali kwa moyo mmoja, na mlima mzima ulikuwa unangoja. Nyieka wangu aliinama mbele ya watu akidhani anawaonyesha njia, kumbe alikuwa ameketi katikati yake. Kadiri alivyochimba ndivyo walivyozidi kushindwa kuanza, kwa sababu kuanza baada ya mke wa kitinda mimba kungekuwa kukubali kwamba yeye ndiye aliyefungua msimu. Hakuna aliyemwambia. Hatumwambii mtu mambo kama hayo. Tunamsifu, tunampa uji.

Jioni hiyo hiyo nikamchukua tukapanda kwa Dani.

Dani si mtu wa hekima zile za kupigiwa makofi. Ni mtu wa kulalamika. Alilalamikia magoti, akalalamikia mjukuu aliyemletea sukari ya rangi asiyoipenda, akatufukuza kwenye viti viwili kabla hatujapata vya kukalia. Kiswahili chake huwa anakitoa kwa watu wa serikali na kwa nyieka.

"Karibu, nyathina, mtoto wangu. Hapana hapo, hapo kuku analala. Kaa hapa. Nyinyi wawili mnakuja saa hii, mnataka nini?"

Nyieka alimwomba radhi kwanza. Alipiga goti kabisa, kwa namna ya kwao, akasema hakujua, akasema hata kabla ya baraza ilimpasa aje kwanza hapa. Dani alimsikiliza akitafuna kwa ufizi mtupu. Halafu akanyoosha kidole nyuma ya mlango. Jembe lake lilikuwa pale, limenolewa, mpini mpya mweupe.

"Mimi nilisikia hiyo maneno ya maji siku nyingi. Nikaambia mjukuu atie mpini. Nikangoja. Hakuna mtu anakuja. Watu wanakaa kwa hema wanakunywa soda, mimi niko hapa na jembe."

Niliona nyieka anapumua. Nami nilipumua. Nikaanza hata kutabasamu, nikidhani tumemaliza.

"Sasa Dani, utatufungulia kesho?" nikauliza.

"Kufungua nini? Imefunguliwa. Naona kutoka hapa, mtaro mzuri sana. Mtu hafungui kitu imefunguliwa." Akajifunika shuka. "Kunyweni chai muende."

Tuliteremka. Masika yalikuwa yananukia. Upepo wa jioni ulishaanza kutoka ziwani, ule wenye ubaridi, na mchwa walikuwa wameanza kutoka. Nilihesabu kichwani jinsi nitakavyomwambia binamu maneno ya kumkataa mbele ya wazee, na jinsi wazee watakavyoniuliza, je, utalala wapi.

Tulipofika pale njia inapogawanyika nyieka akasimama.

"Kwenu, kitu ikifunguliwa vibaya, inafungwa namna gani?"

"Mimi nitajuaje?" Nilikuwa nimechoka na ulimi wangu ukichoka huwa hauna adabu. "Labda urudishe udongo shimoni ujifanye hujawahi kuchimba."

Nilisema kwa mzaha, na mzaha mbaya.

Asubuhi nilipotoka na ndoo nilimwona. Alikuwa amesimama juu ya tuta lake na sepetu, anarudisha udongo mtaroni. Nepia zote alikuwa ameshazing'oa, amezifunga kwa gunia lenye maji na kuziweka kivulini. Nilipiga kelele kumwita. Hakugeuka. Nikateremka mbio nikamshika mkono.

"Umeshikwa na nini? Mwezi mzima ulikuwa unachimba hapa!"

"Wewe ndio umeniambia."

"Nilikuwa nacheka!"

"Mimi sicheki." Akautoa mkono wake polepole. "Nyieka, mimi nataka mtaro yangu ama nataka maji isimame? Nimefikiria usiku. Nataka maji isimame."

Nikasimama pale na ndoo yangu nikimtazama akifukia. Nimeona watu wakihutubia, nimeona wakigombea viti wakipita na magari yenye vipaza sauti pale Rangwe, nimenyoosheana nao vidole na kuimba. Sijawahi kuona mtu akiharibu kazi yake iliyo nzuri, mchana, mbele ya kila apitaye, ili wengine wapate pa kuanzia. Nilitamani kumsaidia, nikaogopa kwamba si zamu yangu. Kwa hiyo nikaenda kumpikia.

Habari ilipanda mlima haraka kuliko moshi. Watu walianza kusimama barabarani. Safari hii hakuna aliyesema pole na kazi. Wanaume walivua kofia, sijui kwa nini. Mke wa mzee wa kanisa alikuja mpaka ukingoni mwa shamba, akajishika kiuno, akasema kwa Kijaluo maneno ambayo nyieka hakuyashika vizuri, nami nikamtafsiria baadaye: huyu ni mtu wa hapa. Alipomaliza kusema akageuka, akapanda kuelekea kwa Dani, anatembea kama mwenye deni.

Nyieka alipomaliza alisawazisha ardhi kwa mguu. Pakawa shamba tupu kama la jirani yeyote asiye na habari.

Siku iliyofuata Dani alitoka. Magoti yalikuwa yamegoma, kwa hiyo akaletewa pikipiki. Nafikiri hakuna aliyekuwa mlimani siku hiyo atakayesahau: Dani juu ya bodaboda kwa upande, kitambaa kipya kichwani, jembe begani kama bunduki, anamgombeza dereva kwamba anakimbia, na dereva mwenyewe anaisukuma tu kwa miguu, injini imezimwa. Umbali ulikuwa kutoka mlangoni kwake mpaka ukingo wa shamba lake. Alikataa kutembea kwa sababu, alisema, siku ya kufungua haianzwi kwa kuchechemea.

Ofisa wa kilimo alikuwa ameshapima mstari kwa kile kifaa chake na kuchomeka vijiti. Dani alivitazama, akauliza ni nani amepanda miti mibaya hivyo, akaelezwa. Akashikwa mkono huku na huku, akainua jembe, akapiga. Udongo haukutoka hata kikombe kimoja. Akapiga tena, ukatoka. Akautupa upande wa juu, kama inavyotakiwa, ina maana alikuwa amesikiliza yote yaliyosemwa kwenye lile baraza ambalo hakuhudhuria.

"Haya," akasema. "Mmekaa nini?"

Mke wa mzee wa kanisa alikuwa wa kwanza. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma yake na sururu, kimya kabisa, mambo ya kale yamemkuta. Ikawa sasa jembe linashuka mlima nyumba kwa nyumba. Nyumba ikimaliza kufungua kwake, ya chini yake inaanza, na waliomaliza hawaendi nyumbani, wanashuka kusaidia. Ile kazi ya pamoja tunayoiita saga, ambayo siku hizi imebaki kwenye matanga tu, ilirudi yenyewe bila kuitishwa na chifu. Wanawake waliimba. Wanaume walibishana kuhusu kina. Hapakuwa na soda. Kila nyumba ilipika, na nadhani nilinenepa.

Ilipofika kwangu nilipiga jembe la kwanza, nikamkumbuka mume wangu, kwamba kama angekuwepo angechekesha watu hapa. Waliingia shambani kwangu watu wengi kuliko niliowalisha siku ya mazishi. Tulipomaliza, tukashuka wote kwa nyieka. Alikuwa amesimama na jembe lake, amengoja mpaka wa mwisho kabisa apite. Udongo wake ulikuwa laini kwa sababu ulishachimbwa, na mtaro wake ulikwisha kabla chai haijachemka. Nepia zikatoka kwenye gunia, nyingine zimeshatoa vichipukizi vyeupe mle mle ndani.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta sokoni. Niliona wingu, nikatupa kazi kama kawaida, nikakimbia. Nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa, nikasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Nilikuwa nimezoea ile sauti: maji ya matope yakivuma kutoka juu, yakipita ubavuni mwa nyumba, halafu kishindo, udongo unaporomoka, kimya, kishindo tena.

Nilingoja kishindo. Mvua ikamwagika kama inayotafuta kitu ilichokipoteza. Nikangoja. Juu ya mlima mitaro ilikuwa inang'aa, mstari chini ya mstari, imejaa maji yaliyotulia. Kando ya nyumba yangu ulipita mkondo mwembamba ambao hata kifaranga angeuvuka, ukafika kwenye mdomo wa korongo, ukadondoka humo bila hasira. Mdomo haukumegeka. Mvua ilipokatika nilitoka nikaenda kusimama kando ya kaburi, miguu mitupu, matope mpaka kwenye kifundo, nikalia kwa sauti mpaka nyieka akaja mbio akidhani korongo limeingia ndani. Nikamwonyesha tu kwa kidole: pale pa kuanikia mtama, pako vile vile. Akaketi kwenye matope, kwa gauni lake zuri, akacheka mpaka na yeye akalia.

Niliwahi kumuuliza, baadaye, kama moyo haukumuuma alipokuwa anafukia. Alisema uliuma sana, hasa nepia, kwa sababu gunia lilikuwa zito kutoka Ndhiwa. Nikamuuliza tena kuhusu watu. Akasema kuhusu watu hakufikiria, alifikiria maji. Siku hizi kabla ya kila msimu yeye ndiye anayepanda kwa Dani kwanza, na Dani kila msimu anadai pikipiki.

Binamu naye alikuja, mvua za masika zilipokuwa zimekwisha na nepia imefika kiunoni. Alisimama pale pale ukingoni, mikono nyuma, akatazama. Korongo lilikuwa limeota nyasi mdomoni. Akageuka kuangalia ukuta wa jiko.

"Shemeji, zile nguzo zangu?"

Nikamkaribisha chai kwanza, maana adabu ni adabu. Halafu nikamwonyesha. Mbuzi walikuwa wamejua njia ya nepia, na tuta langu lilitaka ua. Nguzo zake zilikuwa zimesimama pale mstari mmoja, zimenyooka, zimefungwa waya, kazi safi kabisa.

"Nilitaka zikusaidie," akasema, hana furaha.

"Zimenisaidia, shemeji. Sana."

Alikunywa chai yake yote, na haki yake nampa, aliiaga nyumba vizuri. Nilimsindikiza hadi barabarani. Niliporudi jua lilikuwa linazama, nikaingiza kuku, nikaufunga mlango ule ule alioutengeneza mume wangu, kwa ufunguo ninaoushika mimi.